Risala na Msafara: Ziara za Viongozi na Swali la Ajira Ukerewe

Katika kila ziara ya kiongozi nchini mwetu upo waraka mmoja usiokosekana, nao ni risala. Huandikwa usiku wa kuamkia siku ya mgeni, hupitiwa na mtendaji wa kata, husomwa na mwalimu au kijana mwenye sauti inayosikika, kisha hukabidhiwa kwa mgeni rasmi kwa mikono miwili. Mpangilio wake haubadiliki: kwanza shukrani, kisha mafanikio, kisha changamoto, na mwisho maombi. Mgeni hujibu kwa ahadi, au humwita mtaalamu wa halmashauri ajieleze papo hapo mbele ya kipaza sauti. Watu hupiga makofi, ngoma hulia, msafara huondoka.

Mji wa Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, umezisikia risala za namna hii kwa miongo mingi. Wakazi wa kisiwa hiki hulima muhogo na machungwa, huvua sangara na dagaa, na hutegemea meli na vivuko kwa karibu kila kitu kisichoota kisiwani. Si ajabu basi kwamba maombi yao hufanana mwaka hadi mwaka: usafiri wa majini, bei ya mazao, hali ya samaki. Katika miaka ya karibuni ombi la ajira kwa vijana limepanda hadi mistari ya juu.

Makala haya hayamlengi kiongozi yeyote aliyepo madarakani wala anayeyataka. Ninachotaka ni kuuliza swali la kihistoria: ilikuwaje raia wa nchi huru akabakiwa na risala kama chombo chake kikuu cha kuzungumza na mtawala kuhusu uchumi wake mwenyewe? Haikuwa hivyo siku zote. Upo wakati, nao haujapita mbali, ambapo kiongozi aliyefika kandokando ya Ziwa Victoria aliwakuta watu wenye chama chao, hesabu zao na mizani yao, akalazimika kujadiliana nao.

Tuanze na mtu aliyetutangulizia ziara hizi. Mkuu wa Wilaya wa enzi za Waingereza, ambaye watu walimwita Bwana Shauri, alitakiwa na kanuni za kazi yake kutoka ofisini, kuzunguka wilayani kwa siku kadhaa, kuketi barazani mbele ya machifu na watu wao, kusikiliza mashauri, kisha kuandika taarifa ya safari. Yeyote aliyepekua majalada ya kikoloni anazifahamu taarifa hizo. Zimejaa mvua, kodi, pamba, ng'ombe na malalamiko. Baraza lile lilikuwa na kasoro kubwa, kwa kuwa aliyesikiliza shauri ndiye aliyetoza kodi, ndiye aliyehukumu, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumwondoa. Hata hivyo tukumbuke jambo moja: kilichosemwa barazani kiliandikwa na kuhifadhiwa. Tutalirudia jambo hili.

Mara baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ziara za watawala katika Jimbo la Ziwa zilibeba ujumbe wa maendeleo. Mkulima wa Usukuma aliagizwa kulima kwa matuta, kutimiza eneo fulani la pamba na la mazao ya chakula, na kupunguza mifugo. Aliyekaidi alitozwa faini. Wataalamu walikuwa na hoja zao kuhusu udongo na malisho, na baadhi ya hoja hizo zilikuwa za kweli, lakini mkulima alikuwa na hoja yake ambayo hakuna bwana shamba aliyekuja kuijibu. Hoja hiyo ilihusu mizani. Pamba aliyoivuna kwa jasho ilipimwa na mnunuzi binafsi, kwa mizani ya mnunuzi, na mkulima asiyejua kusoma namba alipokea alichoambiwa kuwa ndicho haki yake.

Jibu la wakulima halikuwa risala. Wakati miaka ya 1940 ikielekea ukingoni na ile ya 1950 ikianza, walianza kuweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma mizani, wasimame karibu na mnunuzi na kuhakiki uzito. Kutokana na hatua hiyo ndogo ukakua ushirika. Paul Bomani, kijana aliyekuwa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alikuwa miongoni mwa walioongoza juhudi za kuwaunganisha wakulima. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kwa kifupi kama VFCU. Kufikia uhuru shirikisho hilo lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba ya kanda yote, linamiliki vinu vya kuchambulia, na linatajwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

Msomaji wangu na atazame jambo hili kwa jicho la ajira. Chama cha msingi kilihitaji karani wa mizani, mtunza hesabu, mlinzi wa ghala na kibarua wa kupakia. Muungano ulihitaji dereva wa lori, fundi wa mitambo na mkaguzi. Hizo zilikuwa kazi za mshahara, vijijini na visiwani, zilizoanzishwa na wakulima wenyewe kwa fedha iliyokuwa ikipotelea kwenye mizani ya watu wengine. Hakuna mwanasiasa aliyezitangaza jukwaani.

Serikali ya kikoloni iliuelewa uzito wa vyama hivi. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958 ilikataa kuiruhusu TANU kufanya kazi zake Usukuma, ilhali ushirika iliuvumilia kwa kuwa ulihusu pamba. Kwa hiyo siasa ikasemwa kwa lugha ya pamba. Mwaka 1958, serikali ilipowaletea watu wa Geita halmashauri ya wilaya ya rangi zote wasiyoitaka, maelfu yao walikwenda Mwanza kutaka kumwona mkuu wa jimbo. Walikaa mjini, wakasubiri, wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Baadaye mpango ule ukaachwa. Katika tukio hili ni raia waliosafiri kumfuata mtawala, nao hawakwenda kuomba. Walikwenda kukataa.

Baada ya uhuru wa Desemba 9, 1961, ziara ilipata maana mpya. Wiki sita tu baadaye, Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akatumia sehemu kubwa ya mwaka ule kuzunguka nchi na kukijenga upya chama. Kaulimbiu ya wakati ule ilikuwa Uhuru na Kazi. Naomba tulitazame neno hilo, kwa sababu leo tunasema ajira. Kazi ni kitu mtu anachokifanya. Ajira ni kitu anachopewa na mwajiri. Kijana wa Ukerewe anayekesha ziwani akivua dagaa kwa taa ana kazi nzito kupita ya mhadhiri, lakini akiulizwa na mwandikishaji atajibu kwamba hana ajira. Mabadiliko hayo ya msamiati yana historia yake, na sehemu ya historia hiyo inapatikana katika mwaka 1967.

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 5, 1967, kwa kawaida hukumbukwa kwa kutaifisha mabenki na viwanda na kwa miiko ya uongozi. Ndani yake mna pia uchambuzi wa hiki ninachokiita utamaduni wa risala. Azimio lilieleza jinsi wabunge walivyosimama kutaja matatizo ya majimbo yao na kuiuliza Serikali itayatatua lini. Jinsi kila swali, liwe la barabara, la shule au la maji, lilivyoishia kwenye fedha. Na jinsi taifa maskini lilivyojidanganya kwa kuchagua fedha kuwa silaha yake kuu ilhali ndiyo silaha lisilokuwa nayo. Badala yake lilitaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mtu anaweza kuupinga ujamaa wote na bado akakubali kwamba uchambuzi huo ulikuwa sahihi.

Oktoba ya mwaka huohuo Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU na kuliunga mkono Azimio. Njia ya kutoka Butiama kwenda Mwanza huambaa na Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya ghuba hiyo, upande wa kaskazini, ndipo kilipo kisiwa cha Ukerewe. Miaka tisa baada ya watu wa Geita kumwendea mtawala mjini Mwanza, mtawala mwenyewe alikwenda Mwanza kwa miguu yake. Katika historia ya ziara za viongozi sidhani kama tumepata kuwa karibu zaidi na usawa kati ya anayetembelea na anayetembelewa.

Kilichofuata ndicho kinachohuzunisha. Utawala wa kichifu ulikuwa umeshafutwa mwaka 1963, na wachache waliulilia. Lakini mwaka 1972, chini ya mpango ulioitwa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilivunjwa na kazi zake zikakabidhiwa kwa maofisa walioteuliwa. Mei 1976 miungano ya ushirika ikafutwa nchi nzima. Vijiji vikatangazwa kuwa ndivyo vyama vya msingi, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya zao iliyo mali ya Serikali. Ndani ya miaka minne mkulima wa Kanda ya Ziwa alinyang'anywa meza zake mbili: ile ya diwani aliyemchagua na ile ya muungano alioujenga kwa senti zake. Jina la mpango wa 1972 lilizungumzia madaraka, na madaraka kweli yalikwenda mikoani, ila yalikwenda kwa ofisa.

Haki inanidai nitaje upande wa pili. Halmashauri nyingi zilikuwa hoi kifedha. Ushirika nao ulikuwa umeugua: tume iliyoundwa na Serikali mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu, upendeleo na usimamizi dhaifu katika miungano mingi, na wakulima wenyewe walikuwa wamelalamika. Sikatai ugonjwa ule. Ninachokihoji ni tiba. Mgonjwa alihitaji ukaguzi, uchaguzi wa haki na mahasibu waliofunzwa. Badala yake aliuawa, na waliokuwa wakimlalamikia hawakurudishiwa chochote cha kushika mkononi isipokuwa karatasi ya risala. Azimio lililokemea tabia ya kuomba likajikuta limefuatiwa na sera zilizomfanya kila mtu kuwa mwombaji.

Athari zake zilionekana uchumi ulipoanguka. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta kupanda na bidhaa kuadimika, taifa lilizungumzia kazi kwa sauti kali. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilimchukulia asiye na ajira mjini kuwa mtu wa kurudishwa kijijini. Mwaka 1986 ukaja mpango wa kufufua uchumi chini ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Ruzuku zikaondolewa, shilingi ikashushwa thamani, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu. Mikutano ya hadhara ya kueleza mabadiliko hayo ilifanyika, lakini ilikuwa ya kueleza tu. Halmashauri zilirudishwa mwaka 1984 na ushirika ukaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, ila Muungano wa Nyanza uliofufuka Mwanza ulizaliwa na madeni, na biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994 haukuwa na mtaji wa kushindana. Mkulima akarudi alipokuwa babu yake mwaka 1950: peke yake mbele ya mizani ya mnunuzi.

Wakati huohuo ziwa lilileta ajira ambazo hakuna ilani iliyoziahidi. Sangara, samaki aliyepandikizwa upande wa Uganda katika miaka ya 1950, aliongezeka mno kuanzia miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza katika miaka ya 1990. Mvuvi wa Ukerewe, mchuuzi, mtengeneza mitumbwi na mama wa mgahawa wa mwaloni wakaingizwa katika soko la Ulaya bila hata kupanda jukwaa. Lakini kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulipoyafungia mara kwa mara mazao ya samaki wa ziwa hili kwa sababu za usalama wa chakula, mazungumzo yalikuwa ya serikali na wenye viwanda. Mvuvi hakuwa na kiti, kwa sababu hakuwa na muungano wa kukalia kiti hicho. Hali ilikuwa hiyohiyo wakati nyavu zilipochomwa moto katika operesheni dhidi ya uvuvi haramu za mwaka 2018. Uvuvi haramu ni tatizo la kweli na unaharibu mazalia ya samaki. Hata hivyo mvuvi aliyesikia habari za sheria kwa kuona moshi hakuwa ameshirikishwa katika lolote.

Majirani zetu wa Kenya wana somo lao. Harambee ilianza kama jitihada ya watu kuchangishana kwa ajili ya shule na zahanati. Taratibu mwanasiasa mwenye bahasha nene akawa ndiye mgeni anayesubiriwa, na mchango wa mwanakijiji ukawa haba mbele ya noti zake. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya watumishi wa umma ilibidi iweke mipaka kwa viongozi wanaochangisha. Njia yao ilikuwa tofauti na yetu, lakini ilifika mahali pamoja: raia aketie kusubiri mgeni.

Tangu hapo ziara zetu zimekuwa na tarakimu kubwa. Ilani ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi ajira milioni moja. Ile ya 2020 ikaahidi milioni nane. Sizidharau ahadi hizo, wala sisemi hakuna kilichofanyika. Nasema tu kwamba mtu wa Nansio hana pa kuzipimia. Kati ya hizo milioni, ngapi ni za Ukerewe? Mvuvi aliyekuwepo tangu zamani anahesabiwa? Kibarua wa miezi mitatu barabarani ni mmoja au ni robo? Mkulima wa mwaka 1950 alielewa kwamba uzito usiohakikiwa na mtu wa upande wake hauaminiki, hata kama anayepima ni mtu mwema.

Gharama ya kukosa pa kuhakiki si ya fedha pekee. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichokuwa kikitoka Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, kilipinduka karibu na gati. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Wengi walikuwa wakitoka gulioni, wakiwa katika kazi ileile ya kujitafutia ambayo hatuiiti ajira. Usafiri wa visiwani uko katika maombi ya wananchi wa wilaya hii kila uchao. Idadi ya watu wanaopanda chombo ni jambo ambalo kamati ya wasafiri yenye mamlaka ingeweza kulihesabu pale gatini kila asubuhi, bila kungoja mgeni rasmi.

Nifanye hitimisho kwa mambo matatu ambayo historia hii inayadai. La kwanza ni kumbukumbu. Bwana Shauri aliandika taarifa ya baraza lake. Sisi, katika ofisi za kata nilizopita nikifanya utafiti, mara chache nimeonyeshwa risala ya miaka mitano iliyopita pamoja na majibu yake. Ziara ijayo ianze kwa kusoma risala ya ziara iliyopita, mstari kwa mstari, na mgeni aseme kipi kimefanyika na kipi hakijafanyika.

La pili ni chombo. Vikundi vya usimamizi wa mialo, vyama vya msingi vya mazao na vya akiba na mikopo vipo kwa mujibu wa sheria, na vijana wanahamasishwa kufuga samaki kwa vizimba. Vikibaki vikundi vya kupokea mikopo vitakufa mkopo ukiisha. Vikiungana kuwa na mhasibu wao, mizani yao na takwimu zao za samaki na bei, kiongozi atakayekuja kuzungumzia uchumi atakuta watu wa kuzungumza nao.

La tatu ni halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani hutengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Orodha ya waliopata na waliorejesha inaweza kubandikwa kwenye ubao wa kila kijiji, isomwe na kila apitaye. Diwani akiulizwa kuhusu orodha hiyo kila baada ya miezi mitatu, hatutahitaji waziri aje kuiuliza mara moja kwa miaka mitano.

Wasomaji wangu wa Nansio, Bwisya, Bugolora na Kagunguli, sina shaka kwamba msimu mwingine wa misafara uko njiani. Mpokeeni mgeni kwa heshima, kama ilivyo desturi yenu. Lakini kabla ya kijana wenu kuanza kusoma ukurasa mpya, mpeni ule wa zamani, na mumwombe mgeni aanze kuujibu huo.